Hadithi Tatu za Kuazima Maktabani



Mazungumzo yetu ya leo ni habari za vitabu vya hadithi, yaani zile hadithi ndefu ziitwazo riwaya. Wako watu wengi wadhanio ya kuwa vitabu vya namna hii ni vya kupotezea wakati. Mzazi amwonapo mwanawe ameinama juu ya hadithi, humwambia aiweke kando akafanye hesabu. Na mwanafunzi mwenyewe mara nyingi huisoma riwaya kwa kuwa imo katika mtihani tu. Mtihani ukiisha, na kitabu kimekwisha. Hivyo hadithi nzuri hukaa kabatini zikipata vumbi, hali ziliandikwa kwa ajili yetu.

Maktaba za watu wote hazikuwekwa kwa ajili ya mitihani peke yake. Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Katika Kenya, mwaka 1996 ilianzishwa kazi ya kuwapelekea vitabu watu wa upande wa Garissa juu ya migongo ya ngamia. Taabu hii yote ilichukuliwa ili mtu asiye na fedha ya kununua kitabu naye apate kusoma.

Basi, tukifika maktabani tuazime nini? Nitataja vitabu vitatu. Kimoja ni kipya. Viwili ni vya zamani kidogo, lakini watu hawajachoka navyo. Vyote vitatu vyasimulia jambo moja: vijana walioamuliwa maisha yao na wakubwa bila kushauriwa.

Cha kwanza ni Peponi, cha Abdulrazak Gurnah, mtungaji aliyezaliwa Unguja mwaka 1948 na kupewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Alikitunga kwa Kiingereza, kikapigwa chapa mwaka 1994. Ida Hadjivayanis alikifasiri kwa Kiswahili, kikatoka mwaka 2022. Maana yake watu wa pwani ambao habari zao zimo ndani yake walingoja miaka 28 kuisoma kwa lugha yao. Hadithi ni ya Yusuf, kijana wa miaka 12, katika siku ambazo Wadachi walikuwa wakiieneza serikali yao barani. Tajiri mmoja jina lake Aziz huja kwao mara kwa mara, na kijana humwita ami, naye humpa fedha kila aondokapo. Siku moja Yusuf aambiwa kwamba atasafiri na ami yake. Apanda gari la moshi kwa furaha. Afikapo pwani, kijana mwenziwe dukani amfumbua macho: Aziz si ami yake, na yeye Yusuf ni rehani ya deni la baba yake. Kitabu hiki hakina haraka, hasa katika safari ndefu ya biashara kwenda bara. Msomaji na awe na subira, kwani malipo ya subira yake yamo humo humo.

Cha pili ni Vuta N'kuvute, cha Adam Shafi, kilichotoka mwaka 1999. Mahali ni Unguja, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza. Yasmin, binti wa Kihindi aliye mdogo sana, aozwa mume mzee, Raza, mwenye duka. Hakuulizwa kama anampenda. Akamkimbia, na jamaa zake wakamfungia mlango. Aliyempokea ni Mwajuma, mwanamke maskini wa Ng'ambo, asiye wa kabila lake wala wa hali yake. Humo akutana na Denge, kijana apiganiaye uhuru na kuandamwa na polisi. Kitabu hiki ni chepesi kusoma, na mazungumzo yake yana ladha ya Kiunguja chenyewe. Mwaka 2021 Amil Shivji aliitengeneza hadithi hii iwe picha ya sinema. Walakini aliyeiona sinema asidhani kwamba amekwisha soma kitabu.

Cha tatu ndicho kifupi, na ndicho kichungu kupita vyote: Rosa Mistika, cha Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, kilichotoka mwaka 1971. Baba yake Rosa, Zakaria, ni mlevi, lakini kwa binti zake ni mkali kama simba. Akimkuta Rosa na barua ya kijana, ampiga vibaya. Amchunga kwa fimbo, wala hamfundishi kitu. Rosa aondokapo nyumbani kwenda shule ya mbali, hana fimbo tena juu yake, na akili ya kujilinda hakupewa. Yaliyompata msomaji atayaona mwenyewe. Kwa muda kitabu hiki kilikatazwa mashuleni; baadaye kikaja kusomeshwa. Shauri langu ni kwamba kiazimwe na wanafunzi waliokwisha kukua, na kwamba wazazi wakisome kwanza, kwa kuwa wao ndio wanaoambiwa zaidi.

Twaona basi: Yusuf hakuambiwa, Yasmin hakuulizwa, Rosa hakufundishwa. Haya si mambo ya Unguja na Ukerewe peke yake. Katika vijiji vyetu wako mabinti ambao mahari yao hupangwa wakiwa kisimani, na watoto watolewao shule ili deni lipungue, bila kuelezwa sababu. Mtu akimwonya baba wa namna hiyo usoni pake, huenda wakagombana. Lakini kitabu hakigombani na mtu. Msomaji amhukumu Zakaria akiwa amekaa barazani kwake, kisha kimya kimya aanza kujipima mwenyewe. Hiyo ndiyo faida ya hadithi, na hesabu haiwezi kuileta.

Mwisho, maneno machache juu ya kuazima. Muulizeni mtunza maktaba kitabu kwa jina lake na kwa jina la mtungaji. Kama hakipo, mwambieni kwamba mnakitaka. Kisichoulizwa huenda kisinunuliwe. Kishikeni kwa mikono safi, msikunje pembe za kurasa, mkirudishe kwa siku yake, kwa sababu yuko mwenzenu akingojaye. Na nyumbani, yule ajuaye kusoma na awasomee wengine jioni, sura moja moja. Bibi asiyejua herufi ana mengi ya kusema juu ya Yasmin, na pengine jioni hiyo ndipo binti wa nyumbani, naye, atakapoulizwa maoni yake.