Saa Ianze Kuhesabu Lini? Rekodi za Pwani na Ubishi Wake

Dakika 38. Wapo wanaosema 40, na wapo wanaoapa ni 45. Ukitaka kuwachokoza wanywa kahawa wa Jaws Corner, Mji Mkongwe, ambako mabishano huanzia Simba na Yanga na kuishia siasa, uliza tu vita vya Agosti 27, 1896 vilichukua muda gani. Kwamba ndivyo vita vifupi kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa, hilo wengi wanalikubali, na wengine hata wanalionea fahari kidogo. Ugomvi uko kwenye saa: tuanze kuhesabu lini, na tukome wapi?

Mambo yalianza siku mbili kabla. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla Agosti 25, na saa chache tu baadaye mtoto wa ami yake, Khalid bin Barghash, akawa ameshaingia kasri na kujitangaza sultani. Waingereza, walioiweka Zanzibar chini ya himaya yao tangu 1890, walikuwa na mtu wao, Hamoud bin Mohammed. Wakampa Khalid muda: ikifika saa 3 asubuhi ya tarehe 27 awe ameteremsha bendera na kutoka. Bandarini zilikuwa zimejipanga manowari tano, St George, Philomel, Racoon, Thrush na Sparrow, chini ya Admeri Harry Rawson. Khalid alikuwa na watu wapatao 2,800, wengi wao raia, watumishi na watumwa, pamoja na mizinga michache, miwili kati yake ikiwa zawadi ya Kaiser wa Ujerumani kwa usultani. Akajibu kwamba bendera haishuki, na kwamba haamini kama watathubutu kupiga.

Wakathubutu. Saa 3 na dakika 2 mizinga ya manowari ikafyatuka, na kombora la kwanza la Thrush likang'oa mmoja wa mizinga ya kasri. Meli ya sultani, Glasgow, ikajitosa kuipiga St George, iliyokuwa na uwezo wa kuimeza mara kadhaa. Ikazamishwa pale pale kwenye maji mafupi ya bandari, na mabaharia wake wakaokolewa na Waingereza hao hao. Milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji hadi mwaka 1912, ilipovunjwa na kuondolewa; watoto waliozaliwa baada ya vita walikua wakiitazama kama sehemu ya bandari. Kasri, lenye mbao nyingi, likashika moto. Yapata saa 3 na dakika 40 bendera ilidunguliwa na mizinga ikanyamaza.

Sasa hesabu. Anayeanzia saa 3 kamili, onyo lilipokwisha muda wake, anapata 40. Anayeanzia kombora la kwanza anapata 38. Atakaye 45 itambidi aseme kwamba vita havikwishi kwa kuanguka kitambaa. Na kichekesho ni kwamba mnara wa saa uliosimama mbele ya Beit-al-Ajaib ulibomolewa na makombora asubuhi ile ile. Saa ya mji haikuweza kutoa ushahidi.

Mimi ningepeleka ubishi mahali pengine kabisa. Kwanza, nani alitangaza vita? Hakuna. Mwanasheria mkorofi anaweza kusema haikuwa vita bali dola kubwa kumng'oa mrithi isiyemtaka, na rekodi nzima ikapeperuka. Pili, namba inayopaswa kutushtua si 38. Upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa watu wapatao 500. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Gawanya mwenyewe: zaidi ya watu 13 kwa kila dakika. Ukiiweka hivyo, neno "vifupi" halichekeshi tena.

Tena, kwa Khalid mwenyewe mambo hayakuishia dakika ya 38. Alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani na kukaa humo zaidi ya mwezi, askari wakimngoja nje ya lango. Mradi hakanyagi ardhi ya Zanzibar, hawakuweza kumgusa. Wajerumani wakasubiri bamvua. Oktoba 2 maji yalipojaa mpaka kwenye lango la bustani upande wa bahari, mashua ya manowari yao Seeadler ikasogezwa hapo, Khalid akavuka kutoka sakafu ya Kijerumani hadi ubao wa Kijerumani bila unyayo wake kugusa nchi aliyoitawala siku mbili. Akaishi Dar es Salaam hadi Waingereza walipomkamata mwaka 1916, wakampeleka uhamishoni, St Helena ikiwamo, na hatimaye akafariki Mombasa mwaka 1927. Anayetaka kuhesabu vita kwa maisha ya mtu, basi hivi vilichukua miaka 31.

Ndiyo maana napenda kuviweka hivi karibu na vita vinavyotajwa kuwa virefu kuliko vyote. Hivyo vilikuwa kati ya Uholanzi na visiwa vidogo vya Scilly, kusini-magharibi mwa Uingereza. Inadaiwa kwamba mwaka 1651 admeri wa Kiholanzi Maarten Tromp alivitangazia visiwa hivyo vita kwa sababu ya meli zilizoporwa, kisha kila mtu akaenda zake na kusahau. Hakuna risasi iliyopigwa. Mwaka 1985 kiongozi wa baraza la visiwa, Roy Duncan, akauandikia ubalozi wa Uholanzi kuulizia habari hiyo, na Aprili 17, 1986 balozi akaja kutia saini mkataba wa amani. Miaka 335, hakuna hata pua iliyotoka damu. Wanahistoria wengine wanasema Tromp hakuwa hata na mamlaka ya kutangaza vita. Kwa hiyo Scilly walikuwa na karatasi bila vita, na Zanzibar walikuwa na vita bila karatasi, na vyote viwili vimepewa rekodi na watu wale wale. Saa ya wapi hiyo?

Tusogee bara, kwenye neno lingine linaloleta vurugu: "mwisho". Watanzania na Wazambia husimulia kwa raha kwamba Vita Kuu vya Kwanza havikuishia Ulaya Novemba 11, 1918, bali huku kwetu. Ni kweli kwamba jeshi la Kijerumani la Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa bado linapigana Kasama Novemba 13, na kwamba habari ya kusitisha vita ilimfikia karibu na mto Chambeshi, ambako leo kuna mnara wa kumbukumbu. Alisalimisha silaha rasmi Abercorn, siku hizi Mbala, Novemba 25: Wazungu 155, askari Waafrika 1,168, na msururu wa wapagazi, wanawake na watoto.

Lakini "wa mwisho" gani? Kule New Guinea ofisa wa Kijerumani, Hermann Detzner, aliyekuwa amejificha msituni vita vizima na watu wake wachache, alijisalimisha Januari 1919. Na Madina, kamanda wa Waturuki Fakhri Pasha aligoma kuufungua mji hadi mwezi huo huo wa Januari. Hivyo anayetaka Mbala ishinde lazima aongeze masharti: jeshi lisiwe kikundi, na liwe la Kijerumani. Kwa masharti hayo inashinda. Rekodi nyingi za historia ziko hivyo, zinashinda baada ya kuvalishwa masharti.

Kuna kisa kinachofuatana na jeshi hili la Lettow-Vorbeck popote linapotajwa. Inasimuliwa kwamba mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wale wa zamani malimbikizo yao, na mhasibu akapelekwa Mwanza na fedha. Wazee zaidi ya 300 wakajitokeza, wachache tu wakiwa na cheti. Mhasibu akamkabidhi kila asiye na cheti ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Hakushindwa hata mmoja. Kisa kitamu mno, na utamu wake ndio unaonifanya nikisimulie kwa tahadhari. Nisilotilia shaka ni lile ambalo halisimuliwi barazani: wapagazi. Waliofia upande wa Waingereza peke yao, wengi kwa njaa, kuhara na malaria, ni zaidi ya 40,000 kwa hesabu rasmi, na wanahistoria waliorudia hesabu hiyo wanakaribia 100,000. Rekodi hiyo haina wa kuigombea.

Jeshi hilo hilo ndilo lililosababisha rekodi ya angani ambayo watu wachache huku wanaijua. Novemba 21, 1917 zepelini L59 iliondoka Jamboli, Bulgaria, ikiwa imebeba tani zipatazo 15 za risasi, bunduki za rashasha na dawa kwa ajili ya Lettow-Vorbeck. Haikupangwa irudi. Ikishatua, ngozi yake ingekatwa mahema na nguo, kila kipande kikapata kazi. Ilivuka Mediterania, ikavuka jangwa ikitetemeshwa na joto la mchana na baridi ya usiku, ikafika magharibi ya Khartoum. Hapo ikapokea amri ya kugeuza: mahali ilipotarajiwa kutua palikuwa pameshachukuliwa. Ikarudi ilikotoka baada ya kilomita 6,757 na saa 95 bila kugusa ardhi.

Je, ndiyo iliyokuwa safari kubwa kuliko zote za angani hadi wakati ule? Kwa umbali, ndiyo. Kwa saa, hapana: miezi minne tu kabla, zepelini nyingine ya Kijerumani, LZ 120, ilikuwa imekaa angani saa 101. Ubishi mkubwa zaidi uko kwenye ile amri. Kwa miaka mingi imesemwa kwamba Waingereza ndio waliotuma ujumbe wa uongo kuihadaa L59. Naona hilo ni la kusimulia watalii. Wakuu wake huko Ujerumani walikuwa na kila sababu ya kuirudisha, kwa kuwa Lettow-Vorbeck alikuwa ameshasukumwa kuelekea Msumbiji.

Meli ya Liemba nayo imepewa sifa nyingi zaidi ya zinazoihusu. Iliundwa Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye makasha 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa reli iliyokuwa imekamilika juzijuzi tu. Iliingizwa ziwani Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe, baada ya kupaka mashine grisi nene kana kwamba wanajua kuna siku mtu atazihitaji. Wabelgiji wakaiibua, ikazama tena. Waingereza wakaiibua 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya.

Husemwa ndiyo meli ya abiria kongwe kuliko zote duniani. Siyo. Skibladner ya Norwei, ya mwaka 1856, inaizidi kwa zaidi ya nusu karne. Wengine wanauliza kama hata ni meli ile ile, maana mashine zake za mvuke zilitolewa miaka ya 1970 zikawekwa za dizeli. Swali zuri kwa mwanafalsafa. Mtu wa Kagunga halimsumbui. Mwaka 2015, maelfu ya Warundi waliokimbia nchi yao walipokwama kwenye ufuo huo usio na barabara, Liemba ndiyo iliyowabeba kuwapeleka Kigoma.

Nimeiacha mwisho ninayoipenda kuliko zote, sarafu za Kilwa. Mwaka 1944 Maurie Isenberg, mwanajeshi wa Australia aliyekuwa kwenye kituo cha rada, aliokota sarafu tisa mchangani katika visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yake. Akaziweka ndani ya kopo. Mwaka 1979 akazikumbuka na kuzipeleka zikaguliwe. Nne zilikuwa za Kiholanzi. Tano zilikuwa za shaba, za masultani wa Kilwa, zilizofuliwa karne kadhaa kabla Mzungu yeyote hajaitia Australia kwenye ramani.

Ukiishika sarafu ya Kilwa utaona upande mmoja jina la sultani na upande wa pili maneno ya kumsifu Mungu, na pande hizo mbili zina vina, kama mshororo uliokatwa katikati. Kitu kimoja hakimo: mwaka. Wafua sarafu walijali vina, hawakutuachia tarehe, na ndiyo sababu wataalamu wanabishana hadi leo zina umri gani. Nje ya pwani yetu zimepatikana chache mno, Zimbabwe na Oman. Wessel ndiko mbali kuliko kote.

Zilifikaje? Kuna wanaosema jahazi la Kilwa lenyewe lilifika, na moyo unatamani iwe hivyo. Lakini sarafu tano za shaba hazithibitishi safari, zinathibitisha mfuko. Shaba ilikuwa ya kununulia vitu vidogo nyumbani. Nahodha aendaye mbali angebeba kitu chenye thamani kwa wageni. Na mbona zimelala pamoja na za Kiholanzi, ambazo ni changa zaidi? Mimi niko upande wa wanaowataja mabaharia wa Makassar, Sulawesi, waliokuwa wakienda kaskazini mwa Australia kila msimu kutafuta majongoo bahari ya kuwauzia Wachina. Kwenye mnyororo huo wa biashara, sarafu ya Kilwa ingeweza kupita mikono mingi kama kipande cha shaba tu, kila mmoja akiipokea bila kujua ilikotoka. Mwenye hoja nzuri zaidi na aje nayo, ila asije na Wareno. Hao wameshasingiziwa kila kitu kwenye bahari hii.