Unga wa Kukopa Nao Hulalamikiwa

Huku kwetu Mogogosiek, kaunti ya Bomet, mkulima hurudishiwa majani ya chai mbele ya majirani. Karani wa kituo hutia mkono guniani, na akikuta majani magumu mahali pa majani mawili na kichipukizi, hayapimi. Mwenyewe huyabeba akaenda kuyachambua upya. Tumezoea, na tunakubali kwamba ndivyo chai yetu ilivyopata jina. Lakini mkulima huyohuyo akinunua unga dukani kwangu akaukuta umevunda, atawamwagia kuku na kunyamaza. Jambo hili huniuma.

Msimu mmoja wa mvua, jirani alikuja na nusu pakiti ya unga wa mahindi. Kimyet, yaani ugali, aliyopika ilikuwa chungu, na ndani ya unga mlikuwa na mabonge ya kijivu. Hakuja kudai chochote. Alitaka tu nisiwauzie wengine. Nilipomwambia tuipigie kampuni simu, alitikisa kichwa: "Mama, mimi hata sijaulipia. Si uko kwenye kitabu mpaka bonasi?"

Ni kweli, kabla ya bonasi ya chai kuingia wengi hapa hula kwa kitabu. Ila deni halimwondolei mtu haki yake. Agosti 1928, mjini Paisley, Scotland, mama mmoja aitwaye May Donoghue alinunuliwa soda ya tangawizi na rafiki yake. Alisema ndani ya chupa mlikuwa na konokono aliyeoza, na kwamba aliugua. Hakutoa hata senti, wala hakuwa na mkataba na mwenye kiwanda. Mwaka 1932 majaji wa ngazi ya juu kabisa Uingereza waliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa kuwa mwangalifu kwa yule atakayekula au kunywa bidhaa yake, awe amelipa au hakulipa. Mahakama za Kenya nazo hufuata kanuni hiyo. Kisha Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara au madhara kwa sababu ya kasoro zake.

Basi tukapiga nambari iliyochapwa nyuma ya pakiti. Aliyepokea hakuanza na risiti. Aliuliza kwanza nani amekula, na kama kuna mtoto aliyeumwa. Ndipo akaomba nambari ya bechi na tarehe ya mwisho ya matumizi. "Mama, usiutupe huo unga. Ufunge, uuweke mbali na watoto, na usimpe ng'ombe wala kuku."

Onyo hilo ni zito. Ukungu wa mahindi unaweza kuzaa sumukuvu, ambayo kuchemsha ugali hakuiondoi, na ng'ombe akiila hupitia kwenye maziwa. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya.

Kampuni ilituma mtu akachukua pakiti ile na mabaki ya beli. Kiwanda kilikuwa kimehifadhi sampuli ya bechi hiyo, nayo ilipopimwa ilikuwa safi. Ikabainika unga ulilowa katika ghala la muuzaji wa jumla mjini Kericho, lililovuja. Wangeweza kuishia hapo na kusema si kosa lao. Hawakufanya hivyo. Walimpigia jirani yangu mwenyewe, wakamweleza kwa Kiswahili chepesi, wakatuletea unga mwingine na kuondoa mzigo uliobaki ghalani. Alielewa mara moja maana ya bechi, kwa kuwa chai yetu nayo huenda mnadani Mombasa ikiwa na jina la kiwanda na nambari ya shehena. Mnunuzi wa Pakistan akilalamika, kiwanda hujua ni chai ipi.

Kampuni ikikupuuza, nenda kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti, au kwa shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS. Nambari ya kibali iliyo chini ya alama ya ubora huhakikiwa kwa kutuma SM#, kisha nambari hiyo, kwenda 20023. Novemba 2019 KEBS ilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu.

Kinachonihangaisha sasa ni mahindi ya gorogoro sokoni na unga wa posho mill, unaoliwa zaidi pesa zikiisha. Hauna bechi, hauna simu, hauna sampuli iliyowekwa mahali. Nataka kaunti za Kericho na Bomet ziwape maafisa wa afya vipimo vya unyevu na sumukuvu, na wafike sokoni siku ya soko, mama apimiwe mahindi kabla hajayapeleka kusagwa.