Nani Anamjibu Mwanafunzi?

Mwalimu akiitwa ofisini kwa prefe, mkuu wa sekondari, shefu wa klasi husimama mbele ya darasa, huchana karatasi katikati ya daftari na kuanza kuandika majina. Ndiyo orodha ya wapiga kelele. Anayenong'ona anaandikwa. Anayecheka anaandikwa. Anayemwomba mwenzake kalamu naye anaandikwa, na akithubutu kubisha, jina lake linatiwa alama ya msalaba pembeni. Mwalimu anaporudi anakabidhiwa karatasi ile, na waliomo wanajua kitakachofuata. Aliyesoma hapa Kamina, iwe kwa Wakatoliki, kwa Wametodisti au shule ya serikali, aliwahi kuiandika orodha hiyo au kuandikwa humo.

Karatasi hiyo inanisumbua kwa sababu kuishika ndicho cheo cha kwanza, na kwa wengi ndicho cha mwisho, ambacho shule zetu humpa mtoto. Tunateua mmoja kati ya hamsini au sitini, na kazi tunayomkabidhi ni kuwanyamazisha wenzake.

Miaka ya karibuni shule nyingi za Kongo zimeongeza kitu chenye jina kubwa zaidi: serikali ya wanafunzi. UNICEF na mashirika mengine yameisukuma sana, hasa pamoja na mpango wa shule safi. Kuna kampeni na kura, kuna waziri mkuu, waziri wa usafi, wa nidhamu, wa mazingira, na siku ya kuwatambulisha, wageni hupiga picha. Siyadharau hayo hata kidogo. Msichana wa miaka kumi na miwili akisimama mbele ya shule nzima kuomba kura amepata jambo ambalo mama yake huenda hakulipata maishani. Lakini wafuatilieni mawaziri hao hadi mwezi wa Februari. Wa usafi mtamkuta na ufagio mkononi, anasimamia wenzake wanaofagia uwanja. Wa nidhamu anahesabu waliochelewa. Wamegawiwa kazi za mikono na kazi za ulinzi. Mambo yanayowauma hayamo katika wizara yoyote: choo cha wasichana kisicho na mlango, buletini ya alama inayozuiliwa kwa kuwa baba hajamaliza kulipa, mwalimu ambaye Jumatatu haonekani, fimbo.

Na si kwamba sheria imenyamaza. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu chake cha 12 kinasema mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni yake ayatoe kwa uhuru katika kila jambo linalomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 nayo inatambua uhuru wa mtoto kutoa maoni. Shuleni kwenyewe kuna COPA, komite ya wazazi, na kuna COGES, baraza la uendeshaji, ambamo mkuu wa shule hukaa na walimu na wajumbe wa wazazi. Meza ya mazungumzo ipo tayari. Kinachokosekana ni mwanafunzi kuketi hapo kama mtu anayengojewa aseme neno, badala ya kuitwa dakika ya mwisho aje kusikiliza yaliyokwisha kuamuliwa.

Jambo linalofichwa kuliko yote ni pesa, na Kamina inalijua jambo hilo kwa machungu. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, iliahidi elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma, na ahadi hiyo ilianza kutekelezwa Septemba 2019. Kabla ya hapo, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, walimu walipogoma na Dola likashindwa kuwalipa, wazazi ndio waliobeba shule mabegani kwa ile nyongeza ya mshahara wa walimu tuliyoizoea kuiita prime. Sekondari bado inalipiwa. Kila mwaka amri ya serikali ya jimbo hupanga viwango. Huu ni mji wa reli: hapa njia ya kutoka Lubumbashi inagawanyika, moja kuelekea Kananga na Ilebo, nyingine kuelekea Kabalo. Mishahara ya reli ilipokuwa ikichelewa miezi na miezi, watoto wa wafanyakazi walikuwa wa kwanza kurudishwa nyumbani. Na hadi leo anayerudishwa ni mtoto, COPA hairudishwi. Yeye ndiye anayepeleka ujumbe, ndiye anayerudi na noti ndani ya soksi, ndiye anayepanga mstari kwa mhasibu. Anajua hadi faranga ya mwisho kilichoingia. Kilichotoka na kilikokwenda, hakuna anayemwambia.

Watu husema: hao ni watoto, pesa inawahusu nini? Basi tuangalie umri. Kwa vita, kwa ugonjwa, kwa miaka iliyopotea shambani au njiani, wengi wanafika mwaka wa mwisho wa sekondari wakiwa na miaka kumi na minane, kumi na tisa, ishirini. Tarehe 20 Desemba 2023 waliokuwa wa umri huo walipanga foleni na kadi zao za mchaguzi, wakampigia kura rais wa Jamhuri na wabunge. Januari wakarudi darasani, na ubao wa matangazo wa shule yao haukuwa na hata mstari mmoja unaoonyesha malipo yao yametumikaje. Mtu anayeaminiwa kumchagua mkuu wa nchi haaminiwi kujua bei ya mfuko wa simenti ulionunuliwa kwa jina lake.

Ninawaelewa wazazi wanaoogopa. Woga huo una historia. Miaka ya 1960 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lovanium, huko Kinshasa, walidai kile walichokiita kwa Kifaransa *cogestion*, yaani chuo kiendeshwe pamoja nao. Tarehe 4 Juni 1969 waliandamana hadi mjini, na askari wakawafyatulia risasi. Walipowakumbuka wenzao waliokufa, miaka miwili baadaye, Rais Mobutu aliwaingiza jeshini wanafunzi wa Lovanium, na mwezi wa Agosti 1971 vyuo vikuu vyote vikaunganishwa kuwa chuo kimoja cha taifa. Wakati huo vyama huru vya wanafunzi vilikuwa vimekwisha kuvunjwa. Sauti iliyobaki ilikuwa ya JMPR, vijana wa chama cha Mobutu, na kazi yake ilikuwa kupeleka maneno ya juu chini. Kisha ukaja usiku wa 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi waliposhambuliwa kwenye kampasi ya Lubumbashi, kule ambako familia za Kamina zilipeleka watoto wao kwa treni. Mama aliyepitia hayo akimwambia mwanawe "nyamaza, usome, utafute diploma," anasema kwa upendo. Ila lazima tukiri kwamba ukimya tunaowafundisha watoto wetu ulipandwa kwa bunduki. Tusiuite mila.

Maana mila yenyewe inasema vingine. Eneo hili la mfalme Kasongo Nyembo ni kiini cha ufalme wa Waluba, na mfalme wa Waluba hakutawala peke yake. Palikuwa na bambudye, chama cha watu wa kumbukumbu. Walishika lukasa, kibao cha mti kinachoenea mkononi, kilichopambwa kwa shanga na kauri, wakapitisha kidole juu ya kila ushanga na kusimulia: nani alitawala, nani aliahidi nini, madaraka ya mfalme yanaishia wapi. Leo lukasa ziko katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, na wasomi wanaandika vitabu juu yake. Wazo lililo ndani yake lingetufaa hapa nyumbani: mtawala anayejua kwamba yaliyosemwa yamehifadhiwa na wengine huwa mwangalifu.

Hapo ndipo ninapoona shule zetu zinapokosea, hata zile zenye nia njema. Zinamruhusu mwanafunzi aseme, kisha hakuna anayelazimika kumjibu. Mkutano unafanyika, mikono inainuliwa, prefe anatikisa kichwa, "tumesikia," na wiki ijayo hakuna anayekumbuka. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Mtoto aliyepitia hayo mara mbili tatu hanyanyui mkono tena, na sisi tunasema hana la kusema.

Yuko mtu aliyelifikiria jambo hili kwa undani zaidi ya miaka mia iliyopita. Janusz Korczak, daktari na mwandishi wa Poland, aliongoza nyumba ya yatima mjini Warsaw tangu mwaka 1912. Humo watoto walikuwa na mahakama yao, na wangeweza kumshtaki hata yeye. Alishtakiwa, akakubali kuhukumiwa. Lakini kinachonigusa zaidi ni vitu viwili vidogo alivyovieleza kwa makini: ubao wa matangazo na sanduku la barua. Mlezi mwenye watoto mia hawezi kumsikiliza kila mmoja anapomvuta shati. Basi mtoto aandike, atie sandukuni, na mlezi ajue kwamba jibu linadaiwa. Korczak aliona kwamba kuandika humfundisha mtoto kupima neno lake, kungoja, kutenganisha kisirani cha asubuhi na jambo la haki. Na humfundisha mkubwa kutosahau.

Wenzetu wa Afrika Mashariki wamelipa gharama kubwa kulitambua jambo hilo. Nchini Kenya, Machi 2001, moto uliowashwa usiku ndani ya bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, uliua wavulana 67. Kabla na baada ya hapo migomo na moto vilirudi tena na tena, na tume zilizoundwa zilikuta, pamoja na sababu nyingine, wanafunzi na uongozi wasiozungumzana. Mwaka 2009 likaanzishwa baraza la wanafunzi wa sekondari la nchi nzima, na shule zikahimizwa kuacha viranja wa kuteuliwa na kupiga kura. Sheria ya elimu ya mwaka 2013 ikampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi katika bodi ya shule. Moto haukuisha, shule za Kenya zimeungua hata baada ya hapo, na sitaki kumdanganya mtu kwamba kiti kimoja kwenye bodi kinazima petroli. Kenya ilifanya jambo moja muhimu: iliandika kwamba mwanafunzi yumo. Afrika Kusini ilikwisha kufanya hivyo mwaka 1996, wanafunzi wa kuanzia darasa la nane wakiingia katika bodi ya shule kwa kuchaguliwa na wenzao. Sheria yao inajibu swali la wasiwasi wetu kwa busara: aliye chini ya umri hafungi mkataba kwa niaba ya shule wala hapigi kura juu ya deni litakalowabana wengine, lakini yuko ndani, anaona karatasi, anauliza.

Hata Mwalimu Nyerere, alipoandika *Elimu ya Kujitegemea* mwaka 1967, hakutaka shamba la shule liwe mahali pa kuwatumikisha watoto. Alitaka wanafunzi washiriki kuamua kipandwe nini, hesabu iwekwe wazi, waone faida na hasara, wakosee na wajifunze. Shule nyingi zilichukua jembe na kuacha daftari la hesabu. Huku kwetu shule zenye mashamba ya mahindi na mihogo zipo, na wanafunzi wanalima. Magunia yakiuzwa, nani anawaonyesha bei?

Ninachoomba hakihitaji mfadhili wala gari lenye bendera ya shirika. Kila sekondari ya Kamina iwe na daftari moja gumu lililogawanywa safu tatu: tarehe, swali au ombi la wanafunzi, jibu la uongozi. Jibu lipatikane ndani ya majuma mawili, lisainiwe na prefe. Jibu linaweza kuwa hapana. Hapana yenye sababu inamjenga mtoto. Pesa ya mlango wa choo haitoshi mwaka huu kwa sababu paa la darasa la tatu limeng'olewa na upepo, basi aandikiwe hivyo, na wasichana watajua mwaka kesho wadai nini. Ukurasa wa nyuma ubaki kwa hesabu: kilichoingia kila miezi mitatu, kilichotoka, kwa nini. Mambo ya siri, hasa yale ambayo msichana hawezi kuyaandika mbele ya wenzake, yapite kwa mwalimu wa kike waliyemchagua wenyewe, wala yasiingie katika daftari la wote. Na shefu wa klasi aondolewe kazi ya ile karatasi ya wapiga kelele. Aingie COGES na maswali ya darasa lake.

Mapadri, wachungaji na wakuu wanaosimamia shule za makanisa wana neno kubwa hapa kuliko wizara. Tangu mkataba wa mwaka 1977 kati ya Dola na makanisa, sehemu kubwa ya shule zetu iko mikononi mwao, na agizo moja kutoka ofisi ya uratibu linafika vijijini hadi Kabongo na Malemba-Nkulu upesi kuliko waraka wa Kinshasa.

Daftari litunzwe na wawili, mmoja wa mwaka wa mwisho na mmoja wa mwaka unaoutangulia, tena mmoja awe msichana. Wa mwaka wa mwisho atazama katika mtihani wa taifa, Examen d'État, na kuondoka. Yule mwingine abaki nalo likizo nzima, na Septemba, siku ya kwanza ya masomo, kabla prefe hajasoma viwango vipya vya malipo, amsomee kwanza yale ambayo hayajajibiwa.