Ruhusa ya Nusu Siku

Mazungumzo ya redioni. Somo: Nehemia 2:1–8

Leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo ni nadra kutajwa mimbarani, lakini limo katika nyumba nyingi za washiriki wetu. Ni habari ya mtu aliye na kazi ya muda, naye ameitwa mahojiano mahali pengine. Afanyeje? Aombe ruhusa, au aondoke kimya kimya? Aseme kweli, au aseme kwamba anaumwa?

Watu hawa tunawajua. Yuko karani wa ghala aliyeandikwa kwa miezi mitatu tu. Yuko mwalimu anayelipwa na bodi ya shule, huku akingoja kuandikwa na Tume ya Kuajiri Walimu, TSC. Yuko muuguzi anayeshika zamu ya mwenzake aliyekwenda likizo ya kujifungua. Yuko kibarua asimamaye langoni kila asubuhi asijue kama ataitwa. Wote hao wanakula leo, lakini hawajui watakula nini mkataba ukiisha.

Kwanza tuseme wazi kwamba kutafuta kazi nyingine si dhambi, wala si kukosa shukrani. Mwajiri mwenyewe ndiye aliyeandika katika barua siku ambayo kazi itakwisha. Mtu mwenye watoto akiiona siku hiyo inakaribia, naye akae tu mikono kifuani, hatuwezi kumsifu kwa uaminifu wake. Yampasa aangalie mbele.

Shida ni kwamba mahojiano hayafanywi usiku wala Jumapili. Hufanywa saa za kazi, na saa hizo mtu amekwisha kuziuza. Tuseme karani wetu yuko Nakuru, na ujumbe umeingia katika simu yake: aje Nairobi Alhamisi, saa tatu asubuhi, pamoja na vyeti vyake. Nairobi ni mwendo wa kilomita 160 hivi. Itambidi apande matatu saa kumi za alfajiri, na akirudi upesi sana atafika ghalani alasiri. Hapo ndipo moyo huanza kunong'ona: "Sema una malaria. Nani atajua?"

Ndugu wapendwa, uongo huu huonekana mdogo, lakini yafaa tuulize ni nani anayeulipia. Magari ya mizigo yakifika ghalani na mwenye ufunguo hayupo, mwenzake ndiye atakayefanya kazi ya watu wawili. Mwalimu akitoweka bila kusema, darasa zima la watoto hukaa bila somo, na mwalimu wa chumba cha pili huacha wake ili awanyamazishe. Tena yuko mwingine anayeumia, ambaye hatumfikirii: ni yule mfanyakazi atakayeugua kweli mwezi ujao. Msimamizi aliyedanganywa mara mbili hamwamini wa tatu. Hivyo yule aliyejifanya mgonjwa amekula ruhusa ya mgonjwa wa kweli.

Tunakumbuka habari za Gehazi katika Wafalme wa Pili, mlango wa 5. Gehazi alimfuata Naamani kwa siri, akapewa fedha na mavazi, akayaficha nyumbani. Kisha akaingia akasimama mbele ya bwana wake kama kwamba hakuna lililotokea. Elisha alimwuliza swali jepesi tu, ametoka wapi. Gehazi akajibu kwamba hakwenda mahali po pote. Tamaa ndiyo iliyomtoa nyumbani, lakini uongo juu ya mahali alipokuwa ndio uliomfunga. Wazee wetu walisema njia ya mwongo ni fupi. Siku hizi imezidi kuwa fupi, kwa maana meneja wa Nairobi anaweza kumpigia simu meneja wa Nakuru ili amwulizie habari zako, kabla wewe hujafika kituo cha matatu.

Sasa tumtazame mtu mwingine, ambaye alikuwa na kazi kwa bwana mmoja, naye akataka kwenda mahali pengine. Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta huko Shushani. Habari mbaya za Yerusalemu zilimfikia katika mwezi wa Kisleu. Hakukimbia siku ile. Aliomba Mungu mpaka mwezi wa Nisani, yapata miezi minne, huku akiendelea kumhudumia mfalme. Mfalme alipomwona ana huzuni na kumwuliza sababu, Nehemia aliogopa sana. Biblia haifichi hofu yake. Yeye naye angaliweza kusema kwamba anaumwa, lakini hakusema hivyo.

Angalieni mambo matatu aliyoyafanya. La kwanza, alisema kweli, ijapokuwa hakusema kila kitu. Tukisoma maneno yake kwa mfalme, jina la Yerusalemu halimo; alitaja Yuda, na mji wenye makaburi ya baba zake. Yaliyomhusu mfalme aliyasema, na yaliyobaki akayaweka moyoni. La pili, mfalme alipouliza safari itachukua muda gani na lini atarudi, Nehemia alimpa muda maalum. La tatu, aliomba barua, ili kila mtu njiani ajue kwamba ametumwa kwa ruhusa. Tena katika mlango wa 13 twasoma kwamba katika mwaka wa 32 wa Artashasta, Nehemia alirudi kwa mfalme. Aliyeondoka kwa ruhusa hakuona haya kuuingia tena mlango ule ule.

Basi tukiyaleta hayo katika kazi zetu, yafaa tujue pia sheria ya nchi inasema nini, kwa maana wengi huogopa wasichokijua. Sheria ya Ajira ya Kenya ni ya mwaka wa 2007. Imetaja likizo ya mwaka, likizo ya ugonjwa, na likizo ya mama na ya baba mtoto anapozaliwa. Likizo ya kwenda mahojiano haimo. Kwa hiyo mwajiri akikupa nusu siku, amekutendea hisani. Usiidai kama deni.

Hata hivyo, mfanyakazi wa muda si mtu asiye na haki. Kifungu cha 28 chasema kwamba aliyetimiza miezi 12 ana siku 21 za kazi za likizo yenye malipo. Na yule ambaye kazi yake inakoma baada ya kutimiza miezi miwili au zaidi, amejipatia siku moja na robo tatu kwa kila mwezi aliomaliza. Karani wetu wa miezi mitatu, akimaliza mkataba, atakuwa amejipatia siku tano na robo. Anaweza kumwomba mwajiri amkatie nusu siku au siku moja katika hizo. Mwajiri halazimiki kumpa Alhamisi ile anayoitaka yeye, lakini ombi lake lina msingi.

Kibarua naye asikie. Kifungu cha 37 chasema kwamba aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi, wala si kibarua wa siku tena. Lakini kama kweli wewe ni wa siku kwa siku, kazi yako huisha jioni. Basi ukijua kwamba kesho hutakuja, mwambie nyapara jioni hiyo hiyo, ili mwenzako anayesimama langoni apate nafasi yako. Neno hilo moja laweza kuwa chakula cha nyumba nyingine.

Upande wa pili wa sheria ni mkali. Asiyefika kazini bila ruhusa wala sababu halali anaweza kukatwa mshahara wa siku hiyo. Tena kifungu cha 44 kimehesabu jambo hilo kuwa kosa kubwa, linaloweza kumfanya mtu aachishwe kazi bila notisi, baada ya kupewa nafasi ya kujieleza. Nayo likizo ya ugonjwa huanza baada ya miezi miwili ya kazi, na huhitaji cheti cha daktari. Anayenunua cheti cha uongo ameongeza kosa la pili juu ya la kwanza, na amemshirikisha mtu wa tatu.

Basi tuombeje? Kwanza, hakikisha kwamba mwito ni wa kweli. Ofisi inayotaka utume pesa kabla ya kukuona uso, usipoteze siku ya mshahara kwa ajili yake. Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Pili, sema mapema, siku ile ile unapopata habari. Tatu, usiseme mbele ya watu ghalani, nenda kwa mkubwa wako kwa faragha, umwambie kwa maneno machache: "Bwana Meneja, nimeitwa mahojiano Nairobi siku ya Alhamisi, saa tatu. Mkataba wangu hapa unaisha mwezi ujao. Naomba ruhusa ya siku hiyo. Hesabu ya mizigo nitaimaliza Jumatano jioni, na mwenzangu amekubali kushika ufunguo. Ijumaa nitakuwapo kabla ya saa mbili." Hapo umemwambia uendako, sababu yake, nani atashika kazi, na lini utarudi. Nehemia alifanya vivyo hivyo. Huna haja ya kutaja mshahara ulioahidiwa huko, wala kulaumu kazi ya hapa.

Kama waona ni hatari kusema kwamba ni mahojiano, waweza kuomba siku moja kwa shughuli yako mwenyewe, ukasema kwamba hutaki kuieleza zaidi. Kunyamaza si kudanganya. Lakini ukiulizwa waziwazi, usimwue shangazi ambaye yu hai.

Yako na mambo mengine ya kujaribu. Waulize wanaokuhoji kama wanaweza kukupa saa ya asubuhi sana au ya jioni. Wao pia ni waajiri, nao watafurahi kuona kwamba huidharau kazi ya mtu. Mbadilishane zamu na mwenzako, msimamizi akijua. Au omba siku isiyo na malipo. Na ukipewa ruhusa, rudi kwa wakati uliosema. Kuchelewa kwako kutamfungia mlango atakayeomba baada yako.

Wapendwa, hatusemi kwamba asemaye kweli hupewa ruhusa siku zote. Yuko msimamizi atakayejibu, "Ukienda, usirudi." Hapo kweli inagharimu, na gharama yake ni unga na kodi ya nyumba. Katika saa hiyo usiamue peke yako kwa hasira. Keti na mkeo au mumeo, mhesabu siku zilizobaki katika mkataba, mhesabu akiba iliyopo, mwombe Mungu. Labda mtaona kwamba ni heri kubaki, na kumwandikia yule wa Nairobi barua ya heshima. Labda mtaona kwamba kazi ya hapa ina majuma machache tu, na ile ya kule ni ya kudumu. Ukichagua kwenda, basi toka mlangoni mchana. Toa notisi yako. Kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, isipokuwa mwajiri amekubali kukuachia mapema. Kabidhi ufunguo na vitabu, ukadai cheti chako cha utumishi, ambacho sheria yampa kila aliyefanya kazi si chini ya majuma manne. Mtu anaweza kubaki kwa moyo safi, na anaweza kuondoka kwa moyo safi. Njia ya tatu, ya kuondoka huku ukijifanya hujaondoka, ndiyo ya Gehazi.

Neno letu la mwisho ni kwa waajiri, maana ninyi pia mwaketi nasi kanisani. Mnamwandika kijana kwa miezi mitatu, mnamwongezea mitatu, kisha mitatu tena, bila kumwambia ataandikwa lini. Mkimnyima nusu siku ya kujitafutia maisha, mnataka awe wenu wote, hali ninyi si wake. Mfalme wa kipagani aliuliza muda gani na utarudi lini, akatoa ruhusa. Mkimwadhibu anayesema kweli, mmewafundisha wote waliobaki kusema uongo. Mkimpa ruhusa, huenda mkampoteza mfanyakazi mmoja, lakini waliobaki watajua kwamba kwenu kweli inaweza kusemwa bila kuogopa.

Tuombe. Ee Bwana, waangalie watu wako wenye kazi isiyo na hakika. Wape ujasiri wa kusema kweli mbele ya wakubwa wao, na wape wakubwa masikio ya kusikia. Wanaosafiri leo kwenda mahojiano, uwafikishe na kuwarudisha salama. Na wale ambao kweli imewagharimu chakula, utukumbushe sisi majirani zao tusiwapite mlangoni. Katika jina la Yesu, Amina.