Magurudumu ya Gari la Zamani na Timazi ya Mwashi

Tairi jipya likiliwa upande mmoja kabla ya kufikia nusu ya umri wake, mwenye gari huilipa hasara hiyo kimya kimya, kisha humlaumu muuza tairi. Sisi tunaona kwamba kwa wenye magari ya zamani lawama hiyo aghalabu hukosea mlango. Kasoro imo katika mwelekeo wa magurudumu ya mbele, na mwelekeo huo waweza kupimwa nyumbani.

Tuchukue mfano wa Morris Minor, gari lililobuniwa na Alec Issigonis, likaonyeshwa London mwaka 1948 na kuendelea kuundwa Uingereza hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Yaliundwa zaidi ya milioni moja na nusu, na mengi yalipelekwa katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza. (Issigonis alipoona gari la majaribio ni jembamba mno, alilikata katikati akaliongeza inchi 4 za upana, ndiyo sababu boneti yake ina ukanda bapa katikati.) Gari hili halihitaji kompyuta. Jeki, spana, chaki, timazi na futi ya utepe vyatosha.

Magurudumu yake ya mbele hayakukusudiwa kukaa sambamba kama reli. Upande wa mbele yanatakiwa yakaribiane kuliko upande wa nyuma, kwa inchi 3/32, yaani milimita 2.4 hivi. Gari husukumwa na magurudumu ya nyuma, na barabara huyavuta ya mbele yatanuke. Ulegevu mdogo wa viungo ukishavutwa, yananyooka. Yakikaribiana kupita kiasi tairi huliwa ukingo wa nje, na yakitanuka huliwa ukingo wa ndani. Mpitishie tairi kiganja kwa upana wake, kwenda na kurudi: likiwa laini njia moja na kukwaruza njia ya pili, magurudumu yamekwisha kupotoka.

Hata hivyo, kabla ya kupima hatuna budi kusema jambo lililo zito kuliko bei ya tairi. Kiungo cha chini cha kingpini ya Morris Minor kimeundwa kwa nyuzi kama za skrubu, nacho huishi kwa grisi. Kikikosa grisi nyuzi hulika, hata siku moja kiungo huchomoka na gurudumu likalala chini ya gari. Likitokea hilo gari limeegeshwa, ni bahati. Likitokea pale watoto wanapovuka barabara kwenda skuli, hakuna atakayeuliza habari za tairi. Basi pandisha gari kwa jeki, liwekee vigogo madhubuti, ulitikise gurudumu juu na chini, kisha kushoto na kulia. Likicheza, acha kupima. Kwanza tengeneza kiungo.

Viungo vikiwa vizima, weka gari juu ya sakafu tambarare, upepo wa tairi ukiwa sawa pande zote mbili na usukani umenyooka. Lisukume mbele kidogo, wala usilirudishe nyuma, maana kulirudisha hulegeza viungo na kuharibu kipimo. Tia alama ya chaki nyuma ya kila tairi la mbele, katikati ya upana wake, kwenye kimo cha kitovu cha gurudumu. Teremsha timazi kutoka kila alama, utie nukta sakafuni, upime baina ya nukta mbili. Sasa sukuma gari hadi alama zile zile ziwe mbele, kwenye kimo kile kile, upime tena. Kwa kutumia alama zile zile, rimu iliyopinda kidogo haikudanganyi. Kipimo cha mbele kiwe kidogo kwa milimita 2.4.

Kisipolingana, legeza nati za kufungia za fimbo mbili za usukani pamoja na vibano vya mipira yake, uzizungushe fimbo zote mbili kwa kiasi kimoja, robo mzunguko kwa mara moja. Wengi huzungusha fimbo moja tu kwa uvivu. Gari litakwenda, lakini usukani utakaa upande. Kila ukibadili, sukuma gari, upime upya. Kazi hii yataka subira ya fundi wa jahazi.

Mlalo wa gurudumu na mwinamo wa kingpini havirekebishwi katika gari hili. Vikiwa vimepotoka, kuna chuma kilichopinda, na hapo ni kazi ya fundi mwenye vyombo.

Wakuu wa idara wenye dhamana ya magari ya umma tungewaomba wasikichukue kipimo hiki kama kilivyo: kila gari lina chake katika kitabu chake. Lakini kiganja juu ya tairi hakichagui gari, wala hakihitaji fungu la fedha. Dereva aweza kukipitisha kila asubuhi kabla ya kuwasha injini, na tena kila gari linapotumbukia shimoni.