Kilwa: Dola Iliyokatwa na Mto Ruvuma

Barabara ya Kilwa, ambayo wengi wetu wa Temeke huipita kila siku kwenda Mtoni na Mbagala, imebeba jina la mji uliowahi kutawala biashara ya sehemu kubwa ya pwani hii. Yatupasa kuwasimulia watoto wetu habari zake.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani baba wa hiba, kwa ukarimu wake. Anasimulia kwamba baada ya swala ya Ijumaa fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba mavazi aliyoyavaa. Sultani akaingia nyumbani kwa khatibu, akayavua, akampa.

Utajiri wa Kilwa ulitoka kusini. Dhahabu ya nyanda za Zimbabwe iliteremshwa hadi bandari ya Sofala, ambayo leo imo Msumbiji, ikasafirishwa kwa vyombo vya tanga hadi Kilwa. Sarafu ya Sultani huyo imepatikana hata katika magofu ya Great Zimbabwe. Pamoja na biashara zilikwenda dini, ndoa na lugha. Hadi leo Kikoti cha Angoche na Kimwani cha pwani ya Cabo Delgado ni ndimi zenye udugu na Kiswahili, na masimulizi ya Angoche huwataja waasisi waliotoka Kilwa.

Mwaka 1505 Wareno waliipora Kilwa, na mwaka huohuo wakajenga ngome Sofala. Dola ikadhoofika, lakini watu wakaendelea kuoana na kusafiri. Mpaka ukaja mwaka 1886, Ujerumani na Ureno zilipokubaliana kwamba Mto Ruvuma utenge makoloni yao. Eneo dogo la Kionga, kusini ya mto, Wajerumani walilichukua mwaka 1894, Wareno wakalitwaa mwaka 1916, na mkataba wa Versailles wa 1919 ukawathibitishia. Wenyeji hawakuulizwa.

Habari hii inatuhusu. Katika misikiti ya vitongoji vyetu wamo waumini wenye asili ya ng'ambo ya Ruvuma. Tangu vita vya Cabo Delgado vilipoanza mwaka 2017, lafudhi pekee hutosha kumfanya mtu atiliwe shaka. Tumesikia posa ikikataliwa si kwa dini wala tabia ya kijana, bali kwa kuwa babu yake alizaliwa Msumbiji.

Mipaka ya nchi ina sheria zake, na kila mgeni anapaswa kuzifuata. Lakini mpaka uliochorwa na wakoloni haukuwekwa kuwa kipimo cha udugu, ndoa wala mazishi. Mzazi anapoletewa posa, na aulize swala, tabia na uaminifu wa mwombaji. Kamati za misikiti nazo zimjue jirani huyu kwa jina, zimtembelee anapougua, zimzike anapofariki.

Wabillahi tawfiq.