Jua likizimwa saa hii, Lodwar itajua baada ya dakika nane: story ya mwanga na graviti

Wacha tuanze na swali la kijinga. Tuseme jua limetoweka. Si kufichwa na wingu, limeenda kabisa. Uko Lodwar saa saba mchana, joto inakuchapa, umekaa chini ya mti ukingoja nduthi. Utajua lini kwamba jua haliko?

Baada ya dakika 8 na sekunde 20. Kabla ya hapo utaendelea kutoa jasho kama kawaida, na ukiangalia juu utaliona jua liko pale pale likikuonea.

Sababu ni hesabu tu. Mwanga unaenda kilomita 300,000 kila sekunde. Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120 za barabara, so kwa sekunde moja mwanga ungepiga hiyo safari mara 2,500. Lakini jua liko kilomita milioni 150 kutoka hapa. Probox ikishika 80 bila kusimama, bila kupakia, bila karao, ingefika huko baada ya miaka 214. Na vile madere wetu hupenda kusimama, ongeza karne moja. Kwa hivyo ile sola inachaji simu yako Kakuma saa hii inakula mwanga uliotoka kwa jua dakika nane zilizopita. Fresh, lakini si fresh sana.

Hapo kwa mwanga wengi hukubali haraka. Kwa graviti ndio watu hushtuka.

Shuleni graviti tulipewa kama kitu iko tu. Embe linaanguka, andika hiyo, somo limeisha. Lakini ni graviti ya jua inaishika dunia isipotee angani. So jua likitoweka, dunia inaachiliwa saa hiyo hiyo ama nayo inangoja? Kwa hesabu za Isaac Newton za 1687, inaachiliwa papo hapo, hakuna kungoja. Newton mwenyewe hakufurahia hiyo story ya kitu kuvuta kingine kutoka mbali bila chochote katikati, lakini hesabu zilikuwa zinafanya kazi, watu wakanyamaza zaidi ya miaka 200. Ndio 1915 Albert Einstein akasema: hapana, graviti pia inasafiri, na inachukua muda.

Cheki hivi. Chukua turubai, zile umeona kwa nyumba nyingi Kakuma. Watu wanne washike kona wavute ikazike. Weka mtungi wa lita 20 uliojaa maji katikati, turubai inabonyea. Sasa viringisha bano kutoka pembeni. Haitaenda moja kwa moja, itapinda na kuzunguka mtungi. Hakuna kamba imeifunga, inafuata tu umbo la turubai. Mtungi ni jua, bano ni dunia, na turubai ni anga lenyewe likiwa limeshikana na wakati.

Sasa mtu anyanyue huo mtungi ghafla. Wewe umeshika kona, husikii kitu hapo hapo. Mtikisiko unaanza katikati, unakuja kama wimbi, ndio unakufikia mkononi. Huo mtikisiko angani una spidi, na spidi yenyewe ni ile ile ya mwanga: kilomita 300,000 kwa sekunde. (Wanafizikia huchukia huu mfano kwa sababu mtungi unabonyeza turubai kwa graviti ya dunia, yaani tunaeleza graviti kwa kutumia graviti. Wako sawa. Lakini kwa mambo ya spidi unasaidia, so tuvumiliane.)

Maana yake ni gani? Kwa dakika 8 na sekunde 20 dunia ingeendelea kuzunguka kitu ambacho hakiko. Alafu giza lingefika, na dunia ingeachiliwa, kwa wakati mmoja.

Hii si maneno ya kijiweni, ilipimwa. Tarehe 17 Agosti 2017, mitambo ya LIGO kule Marekani na Virgo kule Italia ilishika mtikisiko wa nyota mbili nzito zilizogongana na kuungana. Sekunde 1.7 baadaye, setilaiti ikashika miale ya gama kutoka upande huo huo wa anga. Huo mgongano ulikuwa umetokea miaka milioni 130 iliyopita, dinosa bado wanatembea. Graviti na mwanga zikaanza safari karibu pamoja, zikakimbia miaka milioni 130, zikafika zikiwa zimepishana sekunde 1.7. Na hata hizo sekunde, wengi wanaamini ni mwanga tu ulichelewa kutoka kwa ule mlipuko.

Sasa turudi Turkana, kwa sababu kuna kitu mko nacho ambacho msee wa Nairobi hana. Giza. Sitakudanganya ati ni baraka. Kambi ya Kakuma iko tangu 1992 na bado kwa wengi stima ni shida. Mtoto akishindwa kusoma usiku, hiyo hailipwi na nyota. Lakini usiku usio na mwezi, toka nje ya taa kidogo uangalie juu. Kila nyota unayoona ni barua ya kitambo, na kila moja iko na tarehe yake.

Sirius, ile inang'aa kushinda zote, mwanga wake umetembea miaka 8 na nusu hivi. Kama uko na miaka 20, ulitoka huko ukiwa bado primary. Kilimia, kile kikundi cha nyota ndogo zimebanana, ni kama miaka 440. Mwanga wake ulianza safari kabla Wareno hawajaweka jiwe la kwanza la Fort Jesus mwaka wa 1593.

Na kuna hii, ambayo kwangu ndio kali kushinda zote. Novemba, saa tatu usiku, angalia kaskazini, juu kidogo ya nusu ya njia kutoka ardhini hadi utosini. Kama giza ni poa utaona kiwingu kidogo chenye ukungu. Hiyo ni galaksi ya Andromeda. Mwanga wake umesafiri miaka milioni 2.5, na unaishia kwa jicho lako hapo Kakuma. Ulipotoka, zile zana za mawe za Lomekwi, karibu na Ziwa Turkana, zilikuwa tayari zimelala chini karibu miaka 800,000, kwa sababu zina miaka milioni 3.3. Ule kijana wa Nariokotome ambaye Kamoya Kimeu aliona mfupa wake wa kwanza 1984 hakuwa amezaliwa. Alizaliwa, akaishi, akafa miaka milioni 1.5 ama 1.6 iliyopita, na mwanga huo bado ulikuwa njiani.

Watu wa hapa hawakungoja darubini ndio waangalie juu. Ukitoka Lodwar ukielekea Kalokol utapita nguzo 19 za mawe, watu huziita Namoratunga. Mwaka wa 1978 watafiti wawili, Lynch na Robbins, waliandika kwamba zimepangwa kufuata nyota, Kilimia ikiwemo. Wengine wakaenda kupima tena wakasema aah, hizo hesabu hazishiki. Ubishi haujaisha. Mimi naona hata kama hazikupangwa na nyota, waliozisimamisha maelfu ya miaka iliyopita walikuwa na hilo anga kila usiku, bila taa hata moja.

Imebaki moja: graviti inaweza kuguza mwanga? Kumbuka turubai. Kama anga limebonyea, mwanga ukipita hapo lazima upinde. Shida ni kwamba ukitaka kuona mwanga wa nyota ukipinda karibu na jua, jua lenyewe linakupofusha. So unangoja kupatwa kwa jua. Mwaka wa 1919 Waingereza walienda kisiwa cha Príncipe na mji wa Sobral, Brazil, wakapiga picha, nyota zikaonekana zimesogea vile Einstein alisema. Ikarudiwa tarehe 30 Juni 1973. Timu ya Texas ilipima jangwani Mauritania, na majibu yakaelekea kwa Einstein tena. Kivuli hicho hicho cha mwezi kilivuka Afrika hadi kikapita juu ya Ziwa Turkana, likiwa bado linaitwa Rudolf, na wanasayansi wengine walikuwa wamepiga kambi Loiyangalani wakikingoja. Tarehe 3 Novemba 2013 kikaja kaskazini tena, jioni, sekunde chache tu.

Graviti ikizidi sana, mwanga haupindi tu, unashindwa kutoka. Hilo ndilo shimo jeusi. Na hapa Kenya iko kwa historia: tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa sababu ilikuwa siku ya kusherehekea uhuru, wakaiita Uhuru. Ni hiyo iliangalia Cygnus X-1 vizuri hadi wanasayansi wakaanza kusema hapa tuko na shimo jeusi la ukweli.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa tena. Giza kamili litapita Misri na ncha ya Somalia, Turkana itapata kipande tu. Ukitaka kucheki, tafuta miwani maalum ya kupatwa kwa jua mapema. Zile shades za mtaani hazisaidii, na filamu ya eksirei pia wacha.